Shamba la Juu Linaamshwa

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Mzee ameketi kwenye kiti chake cha kamba katikati ya njia, tingatinga la kampuni likimngurumia usoni, na binti yake, yule wanayemwita Jembe, akiteremka mlima mbio, roho mkononi.

Injini ikazimwa. Mlango wa tingatinga ukafunguka. Dereva akaruka chini, akavua kofia yake ngumu.

Jembe alisimama kama aliyezabwa kibao.

Dereva alikuwa mdogo wake.

Yule yule ambaye Jembe alimbeba mgongoni baada ya mama yao kufariki. Yule yule ambaye alimfundisha kufunga vifungo vya shati na kupenga kamasi. Ndiye aliyetoka nyumbani asubuhi moja bila kuaga, na tangu hapo hakuleta hata salamu.

“Shikamoo, Baba,” alisema kijana.

Mzee hakuitikia wala hakuinuka. “Sogeza chuma chako.”

“Baba, mimi nilikuwa…”

“Watu husalimiana nyumbani. Wewe nyumbani hukufika. Umefikia mpakani, tena na tingatinga. Sogeza chuma chako.”

Nyuma ya ua wa minyaa, Shangazi, dada yake Mzee, alitua mzigo wake wa kuni na kumkagua kijana kuanzia viatu hadi nywele.

“Amenenepa,” alisema, kana kwamba hakuna jambo. “Huko kwa watu wanamlisha. Ila sura ni ile ile ya kuiba sukari.”

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwizi.”

Jembe hakuwa na muda wa utani. Alimkamata mdogo wake mkono, akamvuta pembeni.

“Umetumwa utubomolee?”

“Nimejitolea kuja, dada. Angetumwa mwingine, angepita na Mzee na kiti chake. Nisikilize kwanza, kisha unitukane.”

“Sema haraka.”

“Kesho asubuhi Kamati ya Ardhi inapanda huku. Haitaki maneno, inaangalia kwa macho yake. Ikikuta mazao, hapa ni shamba, na kampuni itabidi izunguke kilima kizima. Ikikuta pori, hapa ni ardhi wazi, na mimi nimeagizwa nipitishe barabara juu yake. Hivyo tu.”

Wote wanne waligeuka kutazama Shamba la Juu.

Lilikuwa pori. Majani yalimfika mtu shingoni. Katikati yake vichaka vilikuwa vimeota hadi vimekuwa miti.

Msomaji anayelisoma gazeti hili leo kwa mara ya kwanza ajue jambo moja tu. Milima ile ina mali chini yake. Kutoka pale hadi zahanati ni kutembea siku nzima, lakini malori ya kampuni yana barabara yao safi, pana, isiyo na shimo hata moja. Majirani walishahamishwa, mmoja baada ya mwingine. Familia iliyobaki kilimani ni hii. Na Shamba la Juu, pamoja na pori lake lote, ndilo lililobeba mfereji. Maji yanatoka kwenye chemchemi kule mlimani, yanapita ukingoni mwa shamba hilo, yanateremka kwenye mashamba ya chini, yanajaza birika la nyumba, kisha yanaendelea hadi bondeni kwa watu wengine. Likichukuliwa Shamba la Juu, mfereji umekwenda. Ukienda mfereji, yote ya chini yanakauka, na Jembe hana mahali pengine duniani pa kuweka kichwa chake wala cha binti yake.

“Basi tulilime leo,” alisema Jembe. “Kitaluni nina miche ya nyanya ya kutosha. Kesho kamati itakuwa na mazao ya kuangalia.”

“Hakuna wa kuligusa,” Mzee alijibu.

“Baba…”

“Limelala.”

Hilo ndilo neno lao. Katika ukoo ule, shamba hulala. Kila shamba hupata zamu yake ya kupumzika, na likiwa limelala haliingiliwi. Hakuna kukata kuni humo, hakuna kufunga mbuzi, na mtoto akiangusha mpira ndani yake, basi huo si mpira wake tena. Zamu ikiisha linaamshwa, na linazaa hadi watu wanatafuta magunia ya kuazima. Ndiyo maana udongo wao ulikuwa bado mweusi wakati wa majirani umeshakuwa vumbi. Jembe aliujua utaratibu huo kama anavyoujua mkono wake. Mashamba ya chini yote alikuwa ameyalaza na kuyaamsha mwenyewe.

Lakini Shamba la Juu halikuwahi kuamka. Alizaliwa akalikuta limelala. Akaolewa, akaachwa, akarudi na mtoto, likawa bado limelala.

“Usingizi gani huu, Baba?” alisema. “Hata maiti angekuwa ameshageuka upande.”

Shangazi, ambaye hana mzaha unaompita bila kuongezea wake, alitazama vidole vya miguu yake. Jembe alikiona kitendo hicho. Alikiona, akakipuuza.

“Nikifa mtalilima,” alisema Mzee. “Nikiwa hai halilimwi.”

“Ukifa tutalima nini? Barabara?”

“Nimemaliza.”

“Nipe sababu moja tu, Baba. Moja! Nitanyamaza.”

Mzee alifungua kinywa. Midomo ilicheza. Kisha akakifunga, kama mtu aliyekaribia kutema kitu akakimeza tena.

“Limelala,” alirudia.

Alikuwa amekaa juani tangu alfajiri. Miguu ilikuwa inamtetemeka na macho yamemwiva. Jembe alimnyanyua kwa kwapa, akamrudisha nyumbani taratibu, akamvua viatu, akamlaza kwenye godoro karibu na mlango ambako upepo unapita. Mzee akasinzia kabla ya kumaliza kikombe cha chai.

“Kaa naye,” Jembe alimnong’oneza Shangazi. “Akiamka mwambie nimekwenda bondeni.”

“Mwanangu, baba yako ana sababu yake.”

“Niambie basi.”

Shangazi aliushika mlango. “Si yangu kuisema.”

“Basi na mimi si yangu kuisubiri.”

Akapakia miche kwenye toroli na kupanda nayo juu, jasho likimtiririka. Mdogo wake alikuwa ameegemea tingatinga, anachokonoa meno kwa kijiti.

“Mzee amekubali?”

“Washa,” alisema Jembe.

Tingatinga si trekta. Halilimi, linachuna. Lilipita juu ya Shamba la Juu kama kisu juu ya ngozi ya mbuzi, na usingizi wa miaka yote ukabebwa na sepeto lile la chuma ukatupwa pembeni kwa mafungu. Nyoka walitoka. Ndege waliruka wakipiga kelele. Nyuma yake Jembe alichimbua vishimo kwa haraka na kupanda miche, mstari mmoja, wa pili, wa tatu, bila kunyoosha mgongo. Udongo ulikuwa mweusi ti, laini kama unga. Machozi yalimlengalenga. Udongo mzuri namna hii walikuwa wameuficha kwa nini?

Kisha akapiga jiwe.

Akaliokota. Lilikuwa la kijani, kijani ya shingo ya bata, na upande mmoja liling’aa. Akatazama mbele. Kila mahali sepeto lilipopita yalikuwapo mengine, yametapakaa kama makombo.

Tingatinga lilikuwa limesimama. Mdogo wake alikuwa chini, amechutama, anachagua mawe na kuyatia mfukoni. Hakuwa na mshangao hata kidogo. Mtu anayeokota alichokuwa anakijua hashangai.

Jembe alimwendea polepole.

“Uliyajua.”

Kijana aliinuka. “Dada, usianze.”

“Uliyajua haya mawe yamo humu!”

“Mpimaji wa kampuni anayajua. Ana chombo chake, anakitembeza juu, kinamwambia kilichomo chini. Lakini sheria haimruhusu kufungua ardhi ya mtu. Lazima mwenye ardhi aifungue mwenyewe, kwa hiari yake, mchana kweupe. Ikishafunguliwa, kampuni inaruhusiwa kuingia na kuangalia.”

“Na kamati ya kesho?”

“Kamati ipo. Sikudanganya.”

“Hukudanganya!” Jembe alicheka kicheko kisicho na furaha. “Umenitumia kama koleo.”

“Wewe ulitaka shamba lionekane linalimwa, mimi nilitaka lifunguliwe. Sasa limelimwa na limefunguliwa. Tumetumiana, dada.”

Kibao kilimpata shavuni kabla hajafunga kinywa. Mlio wake ulisikika hadi kwenye minyaa.

“Nilikubeba mimi,” alisema Jembe. Sauti ilikuwa ndogo. “Mgongo wangu huu.”

“Na nani alinibeba nilipokuwa nalala chini ya malori? Hapa kila mtu analinda udongo. Mtu akitoweka hamumtafuti. Baba alinitafuta?”

Ni kweli, Mzee hakumtafuta. Alikuwa amemkataza hata Jembe asiende.

“Toa hilo dude shambani,” alisema mwishowe. “Nitafukia mwenyewe kabla Mzee hajaamka.”

“Bado pembe moja. Nikiiacha kamati itaona pori.”

“Nimesema toa!”

Lakini kijana alishapanda. Injini ikanguruma. Akageuza tingatinga kuelekea pembe ya chini, pale mfereji unapopenya kwenye tuta la mawe na kuingia mashamba ya chini. Pana lango hapo, ubao mnene unaoshushwa kwa mtaimbo wakati wa kusafisha mfereji. Katika kugeuza huko, sepeto lilikwangua ukingo wa mfereji. Ukingo ukabomoka. Maji ya chemchemi yakaanza kumwagika shambani.

“Mfereji!” Jembe alipiga kelele. “Umevunja mfereji!”

Akasikia kelele nyingine nyuma yake.

Mzee alikuwa anakuja. Miguu mitupu, shati limefunguka, anakimbia kama ambavyo Jembe hakuwahi kumwona akikimbia, na Shangazi nyuma yake ameshika khanga isimdondoke.

“Si pembe hiyo!” Mzee alipaza sauti. “Mtoe! Mtoe kwenye pembe hiyo!”

“Baba, nisamehe, mimi ndiye…”

“MTOE!”

Ardhi ilitoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya kitanda kikuukuu mtu mnene anapokikalia. Kisha magogo yaliyooza yakakatika chini, moja, mawili, yote, na pua ya tingatinga ikazama. Chuma chote kile kikainamia shimoni, mkia juu, mnyororo wa kuvutia magogo ukibembea nyuma.

Na maji yakapanda.

Hayakuwa ya chemchemi. Yalikuwa mekundu kama kutu, mazito, yananuka yai viza. Yalibubujika kando ya tingatinga, yakajaza pembe, yakatafuta njia, yakaiona. Yakaanza kuteremka kwenye mfereji.

Shangazi alipiga magoti. “Limewafungua,” alisema. “Ee Mungu, limewafungua.”

“Limewafungua akina nani?” Jembe alifoka.

Mzee ndiye aliyejibu, na alijibu huku akihema.

“Kaka zangu. Wamo humo.”

Jembe alikua akisikia habari za baba zake wakubwa wawili. Walikwenda kutafuta kazi mbali, wakasahau kwao. Kila aliyeuliza aliambiwa hivyo. Mzee mwenyewe alikuwa akiwasema mbele za watu, kwamba ndugu zake hawana shukrani, hawajui hata kutuma salamu.

“Babu yenu alichimba na wanawe,” alisema Mzee. “Wakapata haya mawe, wakachimba zaidi, wakatoboa maji haya. Ukuta ukaporomoka na kaka zangu wamo chini. Mimi nilikuwa juu, nimeshika kamba. Maji yakatoka, ng’ombe wakanywa, jioni hapakuwa na ng’ombe. Mama yangu alikunywa. Hatukumaliza kumlilia tukaziba shimo kwa magogo na udongo. Babu yenu akasema shamba hili limelala, na atakayeuliza aambiwe hivyo hivyo. Nani angethubutu kuliingilia? Sisi shamba lililolala haliguswi.”

“Ungesema, Baba! Neno moja tu!”

“Ningesema, wangekuja na majembe kutafuta mawe. Watu ni watu. Hata wanangu ni watu.”

“Dada!”

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, kutoka ndani ya tingatinga. Maji yalikuwa yamefika kwenye kiti.

“Dada, mguu umenasa! Umebanwa na pedali! Siwezi kutoka!”

Jembe alitazama chini ya kilima. Wanawake wa bondeni walikuwa wameshapanga ndoo zao kando ya birika, kama kila mchana. Mmoja alikuwa anaosha uso. Binti yake mwenyewe alikuwa ameinama anasuuza sufuria. Maji mekundu yalikuwa yanateremka kuwaendea, na yeyote ambaye angepiga kelele kutoka huku juu asingesikika.

“Funga lango,” alisema Mzee.

“Dada, usifunge!” kijana alilia. “Ukifunga yatajaa huku! Dada, nitazama!”

“Shangazi, banio la juu!” alisema Jembe. “Kazibe chemchemi!”

Shangazi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alipiga teke ndala zake na kuushika mlima kwa miguu ile ile anayoilalamikia kila siku. Lakini banio lilikuwa mbali, na birika lilikuwa karibu.

“Dada! Nakuomba! Mimi mdogo wako!”

Mtu akikuambia kwamba wakati kama ule unafikiri, anakudanganya. Jembe hakufikiri. Alichukua mtaimbo uliokuwa umelala kwenye tuta, akaukita kwenye ubao, akausukuma kwa kifua chake. Ubao ulikwama. Akausukuma tena, akipiga kelele kama mwanamke anayezaa. Ubao ukashuka. Lango likafungwa.

Upande wa chini mfereji ukanywea, ukabaki tope.

Upande wa juu maji yakaanza kujaa.

Kijana hakupiga kelele tena. Alimtazama dada yake kupitia kioo, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Mzee aliuchukua mtaimbo kutoka mikononi mwa Jembe. Aliuchukua kwa upole, kama anapokea kikombe.

“Umefanya sawa,” alisema. “Sasa niachie mimi.”

“Baba, wewe huwezi!”

“Mara ya kwanza niliachia kamba.”

Akaingia.

Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Akaufikia mlango, akaung’oa, akajipenyeza ndani. Jembe alimwona akivuta pumzi na kuzama. Tingatinga lilitikisika. Akaibuka, akavuta pumzi nyingine, akazama tena. Chuma kikalia. Kisha kijana akafyatuka dirishani kama kizibo, mguu mmoja hauna kiatu, akaogelea hadi ukingoni, akalala kifudifudi na kutapika.

“Baba!” Jembe aliita. “Toka sasa! Baba!”

Kichwa cha Mzee kilitokeza. Alikuwa anatabasamu. Jembe ataapa hivyo hadi anaingia kaburini, kwamba Mzee alikuwa anatabasamu.

Magogo ya mwisho yakakatika. Tingatinga likateremka kidogo tena, si sana, na maji yakafunga juu ya kichwa chake.

“Ingia!” Jembe alimpigia kelele mdogo wake. “Ingia tumtoe!”

Kijana alijikongoja kuelekea majini. Akasimama. Maji mekundu yalikuwa yanazunguka vifundoni. Hakusogea tena.

“Siwezi,” alisema. “Dada, siwezi kurudi humo.”

Jembe alipanda mkia wa tingatinga, akaushika ule mnyororo wa kuvutia magogo, akajiachia majini. Alifunga macho kwa sababu maji yalikuwa yanachoma. Akapapasa. Chuma. Tope. Gogo. Akapapasa tena, na mkono wake ukakuta kola ya shati, shati alilolifua mwenyewe juzi na kulianika kwenye minyaa. Akaifumbata. Kwa mkono mmoja akajivuta, mshiko kwa mshiko, hadi mapafu yakataka kupasuka.

Walipofika ukingoni maji yalikuwa yameacha kupanda. Shangazi alikuwa ameziba chemchemi iliyokuwa ikimwagikia shimoni na kuyasukuma juu.

Jembe alimburuta baba yake hadi kwenye udongo mkavu, katikati ya miche ya nyanya. Mzee hakuwa anapumua. Midomo ilikuwa ya bluu na ndevu zote zimekuwa nyekundu. Akamgeuza ubavu. Akampiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena, kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa.

“Usinifanyie hivi,” alikuwa anasema. “Usinifanyie hivi, mzee wewe.”

Nyuma yake alisikia gari linasimama. Mlango ukafungwa. Viatu vigumu vikakanyaga udongo uliochunwa, bila haraka.

Hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Mpimaji. Alikuwa ameegesha kwenye kilima cha pili tangu asubuhi, akitazama kwa darubini.

“Poleni,” alisema Mpimaji. “Poleni sana. Ajali mbaya.” Akainama. Jembe aliona kwa pembe ya jicho mkono wake ukiokota jiwe la kijani, ukilifuta kwenye suruali, ukiligeuza kwenye mwanga. “Ila ardhi imefunguliwa na wenyewe, nimeshuhudia mimi. Kamati haina haja ya kujisumbua kupanda kesho.”

Akalitia jiwe mfukoni.

“Mzee ndiye aliyekuwa mwenye shamba, siyo?”

“Ndiye,” alisema kijana. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

“Amefariki?”

Jembe alipiga mgongo wa baba yake mara nyingine. Maji mekundu yakatoka kinywani, funda moja, halafu la pili. Na chini ya kiganja chake, kwenye mbavu zile nyembamba, kitu kikatikisika. Pumzi. Ndogo, ya kuiba, lakini pumzi.

Jembe alifungua kinywa kupiga kelele za furaha.

“Amefariki,” mdogo wake aliwahi kusema. “Si unamwona? Mimi ndiye mwanawe wa kiume peke yangu. Mwenye shamba ni mimi.”

“Vizuri,” alisema Mpimaji. “Basi tuna mtu wa kuzungumza naye. Na dada yako?”

“Dada yangu aliolewa. Hapa ni mgeni.”

Jembe alikifunga kinywa. Alibaki ameinama vile vile, mgongo wake ukiwakinga wale wawili wasione. Jicho moja la Mzee lilikuwa limefunguka. Lilikuwa jekundu, lakini lilikuwa linaona, na masikio yake yalikuwa yanasikia kila neno.

“Tuendelee basi,” Mpimaji alikuwa anamwambia kijana. “Mwanzo nilikuahidi nini?”

Jembe alifungua kitambaa kichwani mwake. Akakikunjua taratibu, akamfunika baba yake uso mzima, kama anavyofunikwa maiti. Kisha akaangua kilio, kilio kikubwa cha msiba, na katikati ya kilio hicho akainamisha midomo hadi kwenye sikio lililo chini ya kitambaa.

“Usikohoe, Baba,” alinong’ona. “Acha waseme yote.”